Unaita Saato, Yeye ni Satoo: Kutatua Matamshi ya Majina ya Kijapani

Mswahili akipewa orodha ya majina ya Kijapani hana sababu ya kuogopa. Irabu ni zile zile tano, na zinasomwa kama tunavyozisoma sisi. Karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Jina kama Inoue, linalomtoa jasho Mwingereza, mtoto wa darasa la pili Tanga au Machakos atalisoma i-no-u-e bila kufundishwa. Takaichi, aliyeshika uwaziri mkuu wa Japani Oktoba 2025, ni Ta-ka-i-chi, na jina lake mwenyewe, Sanae, ni Sa-na-e. Hapo hatuna shida.

Na bado mwenye jina anatabasamu kwa adabu, kisha analirudia polepole, na wewe husikii tofauti. Sauti zako zilikuwa sawa. Hesabu ndiyo haikuwa sawa. Makosa mengi ya wasemaji wa Kiswahili katika majina haya ni ya urefu: tunavuta pasipovutwa, tunakata panapovutwa. Kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye dalili, tushike kipimo.

Kipimo ni mizani

Wajapani hupima maneno kwa vipande vya sauti vyenye urefu sawa. Wanaisimu huviita mora, lakini aliyewahi kutunga shairi la tarbia anavijua kwa jina la mizani. Mshairi wetu akihesabu, "mtu" ni mizani mbili (m-tu), "nchi" ni mbili (n-chi), "jogoo" ni tatu (jo-go-o). Haiku ya Kijapani, yenye mishororo ya 5, 7 na 5, huhesabiwa kwa mtindo huo huo. Mambo ya kushika ni manne:

- irabu ndefu ni mizani mbili kamili;
- n inayofuatwa na konsonanti, au iliyo mwishoni mwa jina, ni mizani moja peke yake;
- konsonanti iliyoandikwa mara mbili (pp, kk, tt, ss) inaongeza mizani moja ya kimya;
- ky, ry, hy, sh, ch na jamaa zake, pamoja na irabu inayofuata, ni mizani moja tu.

Kama uko na mtu mwenyewe, mwombe aandike jina lake kwa hiragana, ile hati ambayo watoto wa Kijapani huanza nayo shuleni. Kila herufi ni mizani moja. Zile ndogo za ya, yu na yo zilizobanwa pembeni ya nyingine hazihesabiwi. Tsu ndogo, inayosimamia ule kimya wa konsonanti ya mara mbili, inahesabiwa. Hata kama huwezi kusoma hata herufi moja, unaweza kuzihesabu, na hiyo ni nusu ya kazi.

Humu nitaandika irabu ndefu kwa kuirudia, kama katika "jogoo". Vitabuni utaikuta na mstari juu yake, ō au ū, na mara nyingi zaidi utakuta haina alama yoyote. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Dalili: unasema Sato, anaitika, halafu analivuta mwisho

Sato ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Japani, kwa hiyo ndilo utakaloanza kulikosea. Kwa mizani yao ni Sa-to-o. Sasa angalia Kiswahili kinafanya nini. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi yenye mkazo hurefuka yenyewe bila sisi kujua. Tunaposoma "Sato" tunatoa SAA-to. Umevuta a ambayo ni fupi na umekata o ambayo ni ndefu. Kwa sikio la Kijapani hilo limeshakuwa jina jingine.

Dawa yake ni kulisoma kana kwamba limeandikwa Satoo, na a ikatwe upesi. Ukiweza kusema "jogoo" unaweza kusema Satoo. Ndugu zake ni Itoo, Katoo, Gotoo, Saitoo, Kondoo, Endoo na Andoo, na yote huandikwa kwa o moja: Ito, Kato, Goto, Saito, Kondo, Endo, Ando. Majina haya yanashiriki mwishoni herufi moja ya kanji, ile hati ya Kijapani iliyotoka China, na herufi hiyo husomwa kwa irabu ndefu. Usiivute o ya Yamamoto au Matsumoto, kwa sababu huko mwisho ni "moto", neno jingine kabisa, na lina o fupi.

Kwa majina ya wanaume, kiashiria kizuri ni -ro ya mwisho: Taro, Jiro, Ichiro, Saburo. Karibu zote ni Taroo, Jiroo, Ichiroo, Saburoo. Lakini -o inayokuja baada ya i au u, kama Fumio, Akio, Yukio na Haruo, ni fupi. Majina ya wanawake yanayoishia na -ko, kama Hanako, Keiko na Akiko, nayo hayavutwi mwisho.

Mwanzoni mwa jina hali inageuka. Shota, Kota, Ryota na Yuta kwa kawaida ni Shoota, Koota, Ryoota na Yuuta. Hapa mkazo wa Kiswahili unatusaidia kwa bahati, maana unaangukia palepale penye irabu ndefu. Ukipongezwa kwa kumtamka Shota vizuri, usifikiri umeshafuzu, mjaribu Ito.

Dalili: watu wawili wana jina lile lile kwenye karatasi, ila wenzao wanawaita tofauti

Pasipoti ya Kijapani kwa kawaida haionyeshi irabu ndefu. YUKI katika pasipoti anaweza kuwa Yuki au Yuuki. YUKO anaweza kuwa Yuko au Yuuko. ONO anaweza kuwa Ono au Oono, koo mbili zisizo na uhusiano. Yoko Ono, yule msanii, ni mfano unaobeba yote mawili kwa pamoja: jina lake ni Yooko, refu, na ukoo wake ni Ono, mfupi. Ukimwita Yoko Oono umekosea kote kuwili, na herufi hazikukupa onyo lolote.

Hakuna kanuni ya kukutoa hapa. Karatasi haina habari unayoitafuta, basi acha kuikodolea macho. Sikiliza wenzake wanavyomwita, au muulize kama irabu ni fupi au ndefu. Swali hilo kwa Mjapani ni la kawaida kabisa.

Dalili: kuna h, u au kofia ambayo hujui uifanyie nini

Kwa kuwa urefu unapotea, baadhi ya watu huuonyesha kwa njia zao. Mchezaji wa besiboli Shohei Ohtani ameandika ukoo wake kwa h. Hiyo h haitamkwi. Kazi yake ni kusema "vuta o": O-o-ta-ni. Mswahili akiiona anashawishika kusema Ohatani au Ohitani, kwa kuwa ulimi wetu haupendi h iliyobanwa na konsonanti. Iache ipite. Itoh, Satoh na Ohno ni mambo yale yale. Waliosoma kuhusu kaizen viwandani watakuwa wamekutana na Taiichi Ohno wa Toyota: Ta-i-i-chi, kisha O-o-no.

Wengine huandika "ou": Satou, Kouji, Shouta. Hiyo nayo ni o ndefu, Satoo, wala hakuna u ya kusikika. Mtego uko kwa Inoue, ambako o na u ni za sehemu mbili tofauti za jina na kila moja inasikika. Vilevile "ei" mara nyingi husikika kama e ndefu: Keiko ni Keeko, Reiko ni Reeko, na Eisaku Sato, waziri mkuu wa zamani aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 1974, ni Eesaku Satoo. Ukisema Ke-i-ko hutaeleweka vibaya. Utasikika tu kama mtu anayesoma barua kwa sauti.

Kofia, kama katika Itô, ni mstari wa ō kwa sura nyingine.

Dalili: Honda yako na Honda yao hazifanani

Hili watu wengi hawalitambui kwa sababu neno tumelizoea barabarani. Sisi tunalikata Ho-nda, mizani mbili, maana kwetu "nd" ni kitu kimoja, kama katika "ndoo" au "panda". Wajapani wanalikata Ho-n-da, mizani tatu, na ile n inakaa muda sawa na "ho" na sawa na "da". Soichiro Honda, aliyeanzisha kampuni hiyo mwaka 1948, ni So-o-i-chi-ro-o Ho-n-da.

Uwezo wa kutamka n ya namna hii tunao. Ni n ile ya "nchi" na ya "nne", inayosimama kwa miguu yake. Kinachotushinda ni kuisimamisha katikati ya neno, kwa kuwa huko imeshazoea kubebwa na jirani. Jizoeze na Kenji (Ke-n-ji), Shingo (Shi-n-go, na g isikike wazi, isimezwe) na Kondo, ambalo kwa Kijapani ni Ko-n-do-o, mizani nne, wakati kondoo wetu wa malishoni ana mizani tatu.

Ikifuatwa na irabu, n hii haishikani nayo. Ndiyo sababu utaona alama ya ritifaa katika Jun'ichiro au Ken'ichi, kama ritifaa ya ng'ombe kwa umbo lakini kwa kazi nyingine: inakwambia utenganishe. Ju-n-i-chi-ro-o. Ukisema Junichiro kwa "ni" moja umepoteza mizani, na alama yenyewe huachwa mara nyingi katika maandishi ya kawaida.

Mbele ya b, p na m, n hii hugeuka m: Honma anaweza kujiandika Homma, na Junpei akawa Jumpei. Sisi hatuhitaji maelezo marefu, maana ni sheria ile ile inayotupa "nyumba mbovu" badala ya "nbovu".

Dalili: Sapporo inakuwa Saporo, Hattori anakuwa Hatori

Konsonanti iliyorudufiwa inataka kituo kidogo. Unafunga mdomo au unabana ulimi kwa muda wa mizani moja, kimya, kisha unaachia: Sa-(kimya)-po-ro. Eliud Kipchoge alipotetea dhahabu yake ya marathoni ya Olimpiki mwaka 2021, mbio zilikimbiwa Sapporo, na redio zetu ziliisema kwa p moja kutoka asubuhi hadi jioni.

Kiswahili sanifu hakina sauti hii, lakini wengi wetu tunayo kwa mlango mwingine. Aliyepita madrasa anajua alama ya shadda ya msahafuni inavyoibana herufi. Basi ndiyo hiyo. Msemaji wa Kiganda anaitumia kila siku katika "ekkubo". Na tukiwa hapo hapo, aliyefundishwa madda, kuvuta irabu kwa kipimo bila kuzidisha wala kupunguza, ana somo la Satoo mkononi tayari. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akishika orodha ya wageni kutoka Japani, huyaacha mafunzo yake mlangoni na kusoma kama Mwingereza.

Hatori na Hattori ni koo mbili tofauti, kwa hiyo kosa hili si la mapambo.

Dalili: umesoma kila herufi, na bado unasikika kama mtoto wa chekechea

Hapa shida inageuka: umefuata maandishi kuliko wenye lugha wenyewe. Irabu i na u zikibanwa kati ya sauti zisizo na mtetemo wa koo (k, s, sh, t, ts, ch, h, f, p), Wajapani wengi, hasa wa Tokyo, huzinong'ona hadi hazisikiki. Keisuke anakuwa Kees'ke. Yosuke anakuwa Yoos'ke. Asuka ni As'ka, Takeshita ni Takesh'ta, Akiko ni Ak'ko. Fumio Kishida, aliyefika Nairobi akiwa waziri mkuu Mei 2023, ni K'shida kwa kinywa cha mtangazaji wa Tokyo.

Jirani akiwa na mtetemo, irabu inarudi nzima. Linganisha Kishida na Kimura: katika Kimura, i inasikika kwa kuwa m inafuata. Fukuda inaanza kwa fu ya kunong'ona, Fujita haianzi hivyo.

Kosa linalofuata ni kuifuta irabu pamoja na muda wake, ukatoa Keeske kwa mbio. Muda unabaki. Weka vidole kooni, sema "su" kwa kunong'ona mpaka vidole visihisi kitu, kisha nenda kwenye "ke" kwa mwendo ule ule. Ukishindwa, tamka irabu yote na usijali. Watu wa Osaka na Kyoto wenyewe huzitamka wazi zaidi kuliko wa Tokyo, kwa hiyo hakuna atakayekushangaa. Kati ya dalili zote humu, hii ndiyo ningeiacha ya mwisho kushughulikia.

Dalili: Ryo anakuwa Riyo, Kyoko anageuka Kiyoko

Kyoko na Kiyoko ni wanawake wawili. Kyoko ni Kyo-o-ko. Kiyoko ni Ki-yo-ko. Mizani ni tatu kwa tatu, ndiyo maana ni rahisi kuwachanganya. Tunachomeka i kwa sababu "ky" na "ry" si za kawaida kwetu, lakini "vyombo", "fyeka" na "mpya" tunavisema bila kuchomeka chochote. Peleka mwendo huo kwenye k na r. Ryoo, Ryuu, Kyooto. Jiji la Tokyo lenyewe ni To-o-kyo-o, mizani nne, na hapo ndipo utaona ni kwa kiasi gani tumelifupisha.

Sauti chache zinazokwama

*Tsu.* Matsumoto anakuwa Masumoto au Machumoto, Natsuki anakuwa Natusuki. T na s zinatoka pamoja, mara moja. Mgiriama anayesema "tsano" kwa tano, au mwenye jina la Kitsao, hana la kujifunza hapa. Mwenye jirani kama huyo amwombe amsemee.

*Fu.* Meno ya juu yasiguse mdomo wa chini. Puliza kati ya midomo miwili kama unayepoza chai. Ukisema f yetu ya kawaida utaeleweka vizuri tu.

*R na l.* Kijapani hakina l. Ulimi uguse ufizi mara moja na kuachia, kama r ya "habari" inaposemwa kwa haraka. Usiiviringishe, r ya kukokota huko ni ya mtu anayetafuta ugomvi. Wale ambao lugha zao za nyumbani hubadilishana r na l wajihadhari, maana Rika hawezi kuwa Lika.

*G ya katikati.* Ukimsikia mzee wa Tokyo akisema Nagai kwa ng' ya ng'ombe, hujasikia vibaya. Ni matamshi ya zamani yanayoheshimika. Wewe baki na g yako.

*Si, ti, tu, hu, zi.* Ukikutana na Kiyosi Itô, mwanahisabati ambaye hesabu zake zinatumika leo katika masoko ya fedha, usimsome Kiyosi. Ni Kiyoshi. Kuna mitindo zaidi ya mmoja ya kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi. Ulioenea umepewa jina la James Curtis Hepburn, daktari mmisionari kutoka Marekani aliyetoa kamusi yake mwaka 1867, na ndio tuliouzoea sisi: shi, chi, tsu, fu, ji. Mtindo mwingine huandika si, ti, tu, hu, zi kwa sauti zile zile. Ukiona "si" au "tu" katika jina la Kijapani, shuku mtindo kabla ya kutamka.

*Toyota na Toyoda.* Gari ni Toyota, familia ni Toyoda, kwa d. Akio Toyoda si Akio Toyota.

Dalili: urefu uko sawa, herufi ziko sawa, na bado kuna kitu

Ni mkazo. Kijapani hakigongi silabi kwa nguvu. Kinapandisha na kushusha sauti. Tanaka, Suzuki, Yamamoto, Nakamura, Kobayashi na Watanabe katika matamshi ya Tokyo huanza chini kidogo, kisha sauti inapanda na kubaki juu, tambarare, hadi mwisho. Sisi tunasema TaNAAka, NakaMUUra, na tunarudi kwenye ugonjwa wa kwanza wa kuvuta irabu isiyovutwa. Kwa hiyo dawa ya mkazo ni dawa ya urefu pia: toa nguvu, gawanya muda sawa. Ta. Na. Ka. Jigonge kidole mezani, pigo moja kila mizani, na pasiwe na pigo kubwa kuliko jingine.

Wenye lugha za toni nyumbani, kama Kikikuyu, Kinyarwanda au Kihaya, wanajua kupandisha sauti bila kugonga, na hapa wako mbele ya Mswahili wa pwani. Kiwango cha juu zaidi, yaani kujua kila jina linashukia wapi, sikushauri uanze nacho. Kyoto na Osaka wana mpangilio wao wa kupanda na kushuka, tofauti na wa Tokyo, na wanaelewana. Irabu iliyokatwa hubadilisha jina. Sauti iliyopanda pasipo pake huonyesha tu kwamba wewe ni mgeni, jambo ambalo uso wako umeshalisema.

Juma Ikangaa alipochuana na Toshihiko Seko hadi mwisho wa marathoni ya Fukuoka mwaka 1983, akashindwa kwa sekunde chache, magazeti ya Kijapani yaliandika jina la Mtanzania huyo kwa alama ya kuvuta irabu mwishoni: I-ka-n-ga-a. Walimpa urefu wake. Yule Seko ni Se-ko, fupi na fupi, na kwetu akawa SEEko.

Dalili: mtangazaji anasita, ukumbi unacheka

Kengo Kuma ni msanifu majengo mashuhuri, mmoja wa waliosanifu Uwanja wa Taifa wa Tokyo uliokamilika mwaka 2019. Msomaji wa Kiswahili anaelewa shida iko wapi. Nimewasikia watu wakivuta u, wakibadilisha irabu, wakimwita "Bwana Kengo" kana kwamba hana ukoo. Zote ni heshima kwa wasikilizaji na dharau kwa mwenye jina. Sema jina kamili kwa mwendo mmoja, Kengo Kuma, bila kusita katikati, na usilirudie ukoo peke yake kila sentensi. Sentensi ya pili sema "msanifu huyo". Kusita ndiko kunakochekesha. Mji wa Kumamoto hauna tatizo hilo kwa sababu hakuna anayeukata katikati.

Dalili: umetamka vizuri, lakini umeita jina lisilo lake

Wajapani hutanguliza ukoo. Katika maandishi ya Kizungu kwa miaka mingi waligeuza, na ndipo tukazoea kumwita aliyekuwa waziri mkuu Shinzo Abe, Abe likiwa ndilo la ukoo. Mei 2019 Taro Kono, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliomba vyombo vya habari vya nje viandike Abe Shinzo, na tangu 1 Januari 2020 serikali yao hutanguliza ukoo katika nyaraka zake za herufi za Kirumi. Lakini magazeti mengi hayakufuata, kwa hiyo sasa mitindo yote miwili inazunguka. Tafuta herufi kubwa: kadi ikisema KONO Taro, KONO ndio ukoo. (Ni Koono, na Taroo.)

Kwetu "Mwalimu Asha" au "Mzee Juma" ni heshima tosha. Kazini Japani, heshima iko kwenye ukoo: Tanaka-san, na mwalimu ni Tanaka-sensei. "San" ni mizani mbili, sa-n. Usiseme "Bwana Tanaka-san", maana umeweka bwana wawili, na usijiite mwenyewe kwa -san hata kwa utani wa siku ya kwanza.

Dalili: programu ya simu imesoma kanji, ikakupa jina la mtu mwingine

Umepiga picha kadi, simu imesoma 中島 na kukuambia Nakajima. Mwenyewe anasema ni Nakashima. Simu haikukosea: kanji hizo husomwa kote kuwili, na kila ukoo una usomaji wake. 山崎 ni Yamazaki kwa huyu na Yamasaki kwa yule. 東 ni Higashi au Azuma, majina yasiyofanana hata kwa herufi moja ya mwanzo. 裕子 anaweza kuwa Yuuko au Hiroko.

Wajapani wenyewe hawawezi kujua kwa kutazama tu, ndiyo maana fomu zao zina nafasi ya kuandika matamshi juu ya kanji. Hata koseki, daftari la serikali la familia, lilikuwa likiandika kanji bila usomaji wake rasmi hadi sheria mpya ilipoanza kutumika 26 Mei 2025. Kwa hiyo uliza bila haya: "O-namae no yomikata o oshiete kudasai", nifundishe tafadhali jina lako linavyosomwa. Na ukishajibiwa, lihifadhi kwenye simu kwa tahajia yetu wala si ya pasipoti: Satoo Yuuko, Oono Ken'ichi, Hattori Ryoo. Mwezi ujao ukimpigia utasoma kilichoandikwa.